Mhanga si shahidi tu, kesi ni yake pia

Sisi vijana wa Kasongo na Kabambare tumechoka na neno moja: "Tulishamupeleka parke, mwende mukalale." Kisha wiki mbili, yule mtu anaonekana tena sokoni, na mama mwenye aliumizwa ndiye anaficha uso. Ukiuliza, wanakujibu kesi ni ya Leta. Ni kweli, ni ya Leta. Lakini ni ya yule mama pia.

Si sisi tunasema, ni sheria. Tangu 2002, sheria ya tribinali za kijeshi inamruhusu mhanga kuingia kesini kama parti sivili, ni kusema upande wenye kudai fidia. Sheria za 20 Julai 2006 juu ya ubakaji zilienda mbali zaidi: mhanga awe na avoka toka mwanzo mpaka mwisho, anaweza kuomba kesi isikilizwe mlango umefungwa, na amande ya kumaliza mambo palepale parke inakatazwa. Sasa hizi mbuzi mbili na feza kidogo mbele ya shefu zinatoka wapi? Na mara nyingi wajomba njo wanapokea. Binti hapewi hata kitenge.

Mutuambie haiwezekani? Muangalie jirani zetu wa Fizi. Wanawake walibakwa na askari tarehe 1 Januari 2011. Tribinali ya kijeshi ikatoka, ikaenda kukaa Baraka, wanawake wakasema mbele yake, na tarehe 21 Februari luteni-kolonel mwenyewe akapewa miaka 20. Miezi mbili haikufika! Sababu ni moja: tribinali iliwafuata, si wao waliifuata. Mama wa Salamabila akiambiwa aende Kindu, atalipa moto, atalala wapi, shamba ataachia nani, na barabara ile tunaijua.

Tribinali ya Baraka ilitamka fidia pia. Lakini kutamka na kulipa ni mambo mawili. Sheria ya 26 Desemba 2022 ilileta FONAREV, mfuko wa Leta kwa wahanga, na tunaupokea kwa mikono miwili. Ila mwenye hana hata karatasi moja ya kesi yake ataonyesha nini?

Tena kuna ile cheti ya umaskini, yenye inamuondolea mhanga malipo ya tribinali. Tulisindikiza mama mmoja kuitafuta. Wakamuomba franga, juu ya karatasi ya kuonyesha kama hana franga.

Kwa hiyo tunadai: tribinali ya kutembea ifike Kasongo na Kabambare, na cheti ile itolewe bure. Sisi wenyewe, wengine tulimaliza droit na kazi hakuna, tutaandika haki hizi kwa Kiswahili kwenye karatasi moja na kuipeleka makanisani, misikitini na sokoni. Mwenye iko na kesi ya mama ao dada yake, atuandikie pembeni. Jina la mhanga asiliweke hapa.