Fundi wa kasha dogo asidharauliwe

IKO kazi moja ya ufundi ambayo vijana wengi wa zama hizi wameivamia kwa bidii kubwa, nayo ni kuunda kompyuta yenye nguvu ya kuchezea michezo mizito ya picha, kisha kuiweka yote ndani ya kasha dogo mno. Wazee wengi huitazama kazi hii kwa dharau. Husema ni mchezo, ni anasa, ni upotevu wa fedha na wa wakati. Sisi tunaitazama vingine. Tunaamini kwamba ndani ya kasha hilo limo somo ambalo taifa letu limelitafuta kwa miaka mingi, na kwamba viongozi wahusika wa pande zote mbili za Muungano wangefanya jambo la maana lau wangelitia somo hilo katika vyuo vya ufundi. Tungependa lianzie pahala kama Masasi.

Msomaji wetu wa Unguja au wa Pemba ana haki ya kuuliza: Masasi inatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Jibu letu ni kwamba Masasi nasi tunafanana kuliko tunavyodhani. Umeme wa Unguja hupita chini ya bahari kutoka Bara, na hatujasahau yaliyotupata Mei 2008, pale kisiwa kilipokaa gizani kwa karibu mwezi mzima, wala yaliyotupata kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, pale giza liliporudi kwa miezi mitatu. Lindi na Mtwara nazo, ingawa gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982, zilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, zikitegemea mitambo yao wenyewe. Mtambo ulipougua, mikoa miwili iliugua nao. Bidhaa ya kisasa, kabla ya kumfikia mtu wa Masasi au wa Wete, aghalabu hupitia Dar es Salaam. Sisi sote, basi, tunaishi mwisho wa waya na mwisho wa njia. Mtu wa mwisho wa njia hana budi kujua kutengeneza, maana fundi wa mbali hafiki kwa wakati. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tueleze kwanza kazi yenyewe ili tusizungumze juu ya jambo lisilojulikana. Kompyuta ya kawaida ya mezani yenye nguvu hukaa katika kasha lenye ujazo wa lita 40 hadi 60, yaani ndoo mbili au tatu za maji. Wale waundaji wa kompyuta ndogo hujifunga kutumia kasha lisilozidi lita 10, nusu ya ndoo moja. Jambo hilo liliwezekana baada ya kampuni ya VIA ya Taiwan kutoa, mwaka 2001, kipimo cha bodi kuu ya mraba yenye sentimita 17 kila upande, kinachoitwa Mini-ITX. Baadaye wakaja watu binafsi walioona kwamba makasha yanayouzwa madukani bado ni makubwa. Mmoja wao, Daniel Hansen wa Ujerumani, alisanifu kasha la lita 7 na ushei, akachangiwa na watu wa mataifa mbalimbali mwaka 2016 hadi likaundwa kiwandani. Hakuwa serikali wala shirika kubwa. Alikuwa mtu mwenye rula na subira.

Ugumu wa kazi hii uko katika joto. Kila wati ya umeme inayoingia katika kompyuta hutoka ikiwa joto. Tuchukue mfano wa mashine ya kadiri: prosesa wati 65, kadi ya picha wati 200, na vilivyobaki wati 55. Jumla ni wati 320, yaani takriban theluthi moja ya joto la pasi ya wati 1000, nalo limefungiwa ndani ya nusu ndoo. Asiyepanga vizuri njia ya hewa ataona mashine inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na fedha yake yote imekwenda bure. Kwa hiyo fundi hupima kimo cha feni kwa milimita. Huuliza hewa baridi iingie wapi na hewa moto itokee wapi. Wengine huigeuzia kadi mgongo ielekee bodi kuu, ukuta ukiwa kati, kila moja ikavuta hewa ya upande wake. Huzikunja nyaya zisizibe pepo. Mafundi wa Ulaya hufanya hayo katika chumba chenye nyuzi joto 20. Fundi wa Masasi atayafanya mwezi wa Oktoba, jua likiwa kali na vumbi limetanda. Fundi wa Mkoani atayafanya katika hewa ya chumvi inayokula chuma. Hakuna feni inayoweza kuipoza mashine ikawa baridi kuliko hewa ya chumba ilimo. Basi anayefaulu kwetu amefaulu mtihani mgumu kuliko wa mwenzake.

Tena iko hesabu ya umeme. Mashine hiyo ya wati 320, ikitumika saa nne kila siku, itakula uniti 38 na kidogo kwa mwezi, bila kuhesabu kinachopotea njiani. Katika bei zilizotangazwa Tanzania Bara mwaka 2016, nyumba ya matumizi madogo ilipewa bei nafuu maadam haizidishi uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta moja, basi, ingemeza zaidi ya nusu ya haki ya nyumba nzima. Fundi hodari halikubali hilo. Anajua kwamba ulaji wa umeme ndani ya prosesa hufuata mraba wa volteji; akiipunguza volteji kwa asilimia 10, ulaji huo kwa kanuni hushuka kwa karibu asilimia 19, hata kama kasi haikuguswa. Anajua pia kwamba kadi ya picha ikiwekewa kikomo cha robo chini ya kile cha kiwandani, mara nyingi kasi inayopotea ni ndogo sana. Kadi ya wati 200 akiishusha hadi 150, nyumba imeokoa uniti sita kila mwezi, na joto ndani ya kasha limepungua kwa kiasi hicho hicho.

Tunauliza: kijana wa miaka 17 aliyefanya hesabu hizo kwa mkono wake, akaziona zikitimia mbele ya macho yake, amecheza au amesoma? Amesoma fizikia ya joto, ya umeme na ya hewa. Amesoma kupanga bajeti. Amejifunza kwamba kosa la milimita tatu haliombewi msamaha. Shule ngapi zetu zinaweza kujivunia somo la vitendo la namna hiyo?

Tena nyanda za Wamakonde si ngeni kwa kazi ya aina hii. Mchonga mpingo wa Newala au wa Masasi hupewa gogo la kipimo fulani, na ndani ya gogo hilo hana budi kuwaingiza watu wa ukoo mzima, mmoja juu ya bega la mwenziwe. Kabla ya kushika tezo huwa amekwisha kuamua nani atakaa wapi, kwa maana mpingo ukikatwa haurudishiwi. Ufundi wa kufikiri ndani ya nafasi finyu upo katika mikono ya watu wale tangu mababu. Kinachokosekana ni chombo kipya na mwalimu wa kukielekeza.

Hapa hatuna budi kukumbusha historia, kwa kuwa taifa lisilokumbuka hurudia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya mradi wa kompyuta katika Hazina kwenda mrama, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, na marufuku hayo yakaendelea kuathiri nchi hadi katika miaka ya 1980. Wakati ule kulikuwa na sababu: fedha za kigeni zilikuwa adimu, na hasara ilikuwa imeonekana. Lakini mzizi wa hasara ile ulikuwa kwamba wajuzi wa kuiendesha mashine walikuwa wageni, na walipoondoka, ujuzi uliondoka nao. Dawa ingekuwa kufundisha wananchi. Badala yake tulifunga mlango. Zanzibar, kwa upande wake, ilithubutu kuanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara iliingoja televisheni yake hadi 1994. Kuthubutu kwa visiwa hivi kunapaswa kutukumbusha kwamba udogo wa mahali hauzuii kutangulia.

Wapo watakaotuambia: mnasema hayo yote, lakini mwisho wake vijana watakaa wakicheza usiku kucha, wafeli mitihani. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Mzazi anayeona mwanawe amesahau vitabu ana haki ya kukemea. Lakini mashine ile ile inayochora mchezo wenye misitu na magari ndiyo inayochora ramani ya daraja, inayohariri filamu, inayotengeneza katuni za kufundishia watoto, na inayofanya hesabu za akili bandia. Kadi ya picha haijui kama inachora gari la mashindano au mfereji wa maji wa Newala. Na hata mchezo wenyewe umekwisha kuwa kazi mahali pengi: ulishindaniwa medali katika Michezo ya Asia huko Hangzhou mwaka 2023, na mwaka 2024 mji wa Riyadh uliandaa mashindano ya dunia yenye zawadi za zaidi ya dola milioni 60. Jirani zetu wa Kenya walimwona msichana wao, Sylvia Gathoni, akisajiliwa na timu ya nje mwaka 2018. Saa za kucheza ziwekewe kanuni na wazazi na walimu. Kanuni ni jambo la busara. Marufuku tulikwisha kuyajaribu.

Hoja ya pili ni ya gharama, nayo ni kweli tupu. Kasha dogo ni ghali kuliko kubwa, na vipuri vyake navyo ni ghali kidogo. Kwa nyumba moja yenye nafasi ya kutosha, asiyehama hama, kasha kubwa linamtosha na linapoa vizuri zaidi. Hatumshauri mkulima wa korosho auze gunia lake ili mwanawe awe na mashine ya fahari. Tunachosema ni kwamba kwa chuo na kwa shule udogo una faida yake. Mashine ya nusu ndoo husafiri mapajani mwa mtu katika basi kutoka Dar es Salaam hadi Masasi, njia ya zaidi ya kilomita 500, ikafika bila kuvunjika. Huvuka bahari kama mzigo wa mkononi. Mashine kumi hufungiwa katika kabati moja lenye kufuli shule inapofungwa. Na umeme ukikatika Chiwata lakini ukawapo Masasi mjini, mwalimu huzichukua mbili akaenda nazo.

Kwa hiyo basi, tunawaomba viongozi wahusika mambo matatu. La kwanza, vyuo vya VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwamo cha Masasi, pamoja na vituo vyetu vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, vifundishe kuunda kompyuta kutoka vipuri, na mtihani wa mwisho uwe huu: mashine yenye nguvu iliyotajwa, katika ujazo uliotajwa, isiyozidi wati zilizotajwa, ifanye kazi saa nne mchana bila kupunguza kasi. La pili, Serikali inaponunua kompyuta za shule, sehemu ya fedha hizo itengwe kununua vipuri vitakavyoundwa na wanafunzi hao, ili aliyeiunda mashine awe ndiye anayeitengeneza ikiharibika. La tatu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kuziondolea kompyuta ushuru wa forodha. Tunaomba maofisa wa bandari na wa forodha waelewe kwamba sanduku la vipuri lililoagizwa na chuo ni kompyuta ambayo haijaungwa, wasiliweke ghalani wiki nyingi kwa kuwa tu halifanani na kompyuta waliyoizoea.

Haya hayahitaji mkopo mkubwa kutoka nje wala mtaalamu wa kukodi. Yanahitaji meza, bisibisi, kipima joto, stebilaiza nzuri, na mwalimu anayeamini kwamba kijana wa nyanda za Wamakonde au wa kisiwa cha Pemba anaweza. Kwa miaka mingi tumekuwa tukinunua mashine zilizofungwa na watu wengine, na zikiharibika tunazirundika katika stoo za shule na za ofisi, zikawa makazi ya mijusi, kwa kuwa hapana aliyewahi kuona ndani yake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kijana aliyekwisha kuifunga mashine kwa mkono wake, akajua kila skrubu ilipo, huyo hataogopa kuifungua.

Chuo kitakachoanza, cha Masasi au cha Vitongoji, kitakuwa kimetoa mfano kwa vingine vyote. Tunawangoja viongozi wahusika.