Mkubwa akikosea, nani atamwambia?

Familia nyingi za Dar es Salaam zinaifahamu safari hii. Desemba imefika, gari limejaa mizigo, na wote wanakwenda Moshi kula sikukuu na bibi na babu. Mpango ulikuwa kuondoka alfajiri. Wameondoka saa tisa alasiri, kwa sababu baba alilazimika kupitia kazini kwanza.

Wanapofika Mombo ni usiku. Baba anapepesa macho, na mara mbili tairi limegusa ukingo wa barabara. Mama ameona. Anasema taratibu, "Hapa Mombo si ndipo wanapouza chakula kizuri?"

"Tutakula Same," baba anajibu, na gari linaendelea.

Mtoto mkubwa aliyekaa kiti cha nyuma naye ameona. Ananyamaza, kwa sababu baba akiwa kwenye usukani haambiwi kitu. Watu wawili wameiona hatari, lakini anayeendesha hajaambiwa.

Zaidi ya miaka 40 iliyopita, ukimya wa namna hii uliwarudisha marubani darasani. Waligundua kwamba ndege nyingi zilizoanguka zilikuwa na rubani hodari na mitambo mizima. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa sauti, na mkubwa wa kumsikiliza.

Saa moja angani, mafuta yakiisha

Desemba 28, 1978, ndege ya shirika la United la Marekani ilikuwa inakaribia mji wa Portland, jimbo la Oregon, ikiwa na watu 189. Marubani walipoteremsha magurudumu ili watue, walisikia kishindo kisicho cha kawaida. Taa ya kijani, inayothibitisha kuwa gurudumu limefunga sawasawa, haikuwaka.

Rubani mkuu alifanya jambo la busara. Aliamua wasitue kwanza, wazunguke angani wakague tatizo, na wahudumu wawaandae abiria kwa dharura. Alikuwa mtu mwenye uzoefu mkubwa, na alijali maisha ya watu wake.

Lakini akili yake yote ilihamia kwenye magurudumu. Dakika zikapita, zikafika karibu saa nzima. Wakati huo wote mafuta yalikuwa yanapungua, na wenzake wawili walikuwa wanaona.

Rubani msaidizi aliuliza mafuta yamebaki kiasi gani. Fundi wa ndege alitaja kiasi, na mkuu alipozungumzia kukaa angani dakika 15 zaidi, alimwambia kwamba muda huo utawaacha na mafuta kidogo sana. Hakuna aliyesema kwa uwazi, "Mkuu, tutue sasa, la sivyo tutaanguka." Kila mmoja alidokeza, akamwachia mkuu aelewe mwenyewe.

Injini zilianza kuzima moja baada ya nyingine. Ndege iliangukia kwenye miti na nyumba katika kitongoji cha mji huo, ikiwa imebakiza kilomita chache kufika uwanjani. Watu 10 walikufa, akiwamo yule fundi wa ndege.

Wachunguzi walimlaumu rubani mkuu kwa kutofuatilia mafuta na kutowajibu wenzake. Hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba wale wawili hawakuitambua hatari kwa ukubwa wake, au hawakuweza kuifikisha kwa mkuu wao. Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyobadilisha usafiri wa anga.

Mwaka 1979, NASA, shirika la Marekani la anga, liliwakutanisha wataalamu kujadili namna watu wa chumba cha marubani wanavyotumiana: macho ya huyu, masikio ya yule, kumbukumbu ya mwingine. Mwaka 1981 United wakaanza kuwafundisha marubani wao somo hilo. Leo linafundishwa kwa marubani wa mashirika ya ndege dunia nzima.

Msiba ulioingia Nairobi

Somo kufundishwa ni jambo moja, na kuota mizizi ni jambo jingine. Afrika Mashariki inalijua hilo kwa uchungu.

Usiku wa Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways iliyotoka Abidjan kwenda Nairobi iliruka kutoka Douala, Cameroon, katika giza na hali mbaya ya hewa. Chini ya dakika mbili baadaye ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko. Watu wote 114 waliokuwamo walikufa.

Ripoti ya uchunguzi ilieleza yaliyotokea ndani. Rubani mkuu alitamka kwamba mfumo wa ndege kujiendesha yenyewe uwashwe. Haukuwashwa, na hakuna aliyethibitisha kama umewaka. Ndege ikaanza kulalia upande wa kulia polepole, bila mtu kuishika. Katika giza lile, mwili wa binadamu hauwezi kuhisi mlalo wa namna hiyo. Ni vipimo tu vinavyoonyesha.

King'ora kilipolia, rubani mkuu alichanganyikiwa na kuizidishia ndege mlalo uleule wa kulia. Msaidizi wake naye alitaja kulia kwanza, kisha akajisahihisha, akasema kushoto. Muda ulikuwa umekwisha.

Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52 na msaidizi wake miaka 23. Ripoti ilimweleza mkubwa kama mtu mwenye mamlaka juu ya mwenzake, na mdogo kama mtu asiyejitokeza. Mzazi yeyote wa Afrika Mashariki anaiona picha hiyo bila kuchorewa, kwa maana ni baba na mwana wamekaa viti viwili vilivyo sambamba.

Watoto wetu hufundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, na marubani hawajaifuta heshima hiyo. Rubani mkuu bado ndiye mwenye uamuzi wa mwisho. Walichoongeza ni kwamba mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika guu, na huvunjika pamoja na wote aliowabeba.

Kudokeza na kusema

Mama wa kule Mombo alidhani amesema. Kwa masikio ya mtu aliyechoka, alichosema kilikuwa habari ya chakula. Wale wawili wa Portland nao walidhani wamesema.

Marubani hufundishwa kuvunja tabia hiyo kwa hatua chache zinazofuatana. Kwanza unamwita mhusika kwa jina au cheo, ili ajue anaambiwa yeye. Pili unasema una wasiwasi. Tatu unataja ulichokiona, bila kumtukana. Nne unapendekeza la kufanya. Mwisho unamwuliza anaonaje, ili alazimike kujibu.

Kwenye gari la Mombo ingekuwa hivi: "Baba Neema, nina wasiwasi. Umetoka nje ya barabara mara mbili, na macho yako yamechoka. Tulale hapa, tuondoke alfajiri. Unasemaje?"

Hapo hapana kumvunjia mtu heshima. Hakuitwa mzembe wala hakulinganishwa na shemeji yake. Ameambiwa kilichoonekana na kinachopendekezwa. Mtoto naye anaweza kuzisema hatua hizohizo: "Baba, samahani, naogopa. Gari limeyumba. Tupumzike kidogo, baba?"

Lakini maneno hayo hayafai kitu kama baba hakuwahi kuyaruhusu. Ndiyo maana rubani mkuu mzuri, kabla ya safari kuanza, huwaambia wenzake: mkiona jambo lolote, niambieni. Mzazi naye aseme hivyo kabla ya kuwasha gari, na siku atakapoambiwa, ashukuru. Akigomba mara moja tu, wataacha kusema.

Maradhi matano ya mwamuzi

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani huwafundisha marubani kujichunguza tabia tano zinazoharibu uamuzi. Kila moja ina maneno ya kujiambia kama dawa.

Ya kwanza ni ya yule asiyetaka kuambiwa: "Nani wa kunipangia?" Dawa yake ni kujikumbusha kwamba kanuni mara nyingi ziko sahihi.

Ya pili ni pupa: lazima kitu kifanyike sasa hivi, chochote kile. Huyu hujiambia: polepole, fikiri kwanza.

Ya tatu ni kuamini kwamba ajali ni za watu wengine. Dawa: hata mimi linaweza kunipata.

Ya nne ni kutaka kuonyesha ubabe, kama dereva anayeipita lori kwenye kona ili abiria wamjue. Huyu hujikumbusha kwamba kubahatisha ni upumbavu.

Ya tano haina kelele, nayo ni kukata tamaa: "Hata nikisema itasaidia nini?" Huo ndio ugonjwa wa aliyekaa kiti cha nyuma. Dawa yake ni kujiambia: mimi si mnyonge, ninaweza kubadilisha jambo.

Zaidi ya hayo, kabla ya kuruka rubani hujiuliza maswali kuhusu mwili na moyo wake. Je, ninaumwa? Nimekunywa dawa inayolevya au kusinzisha? Nina msongo wa mawazo? Nimekunywa pombe? Nimechoka? Nina hasira, huzuni au njaa? Jibu likiwa baya, mwenye hekima habebi watu siku hiyo.

Maswali hayo yanafaa hata kwa asiyeendesha chochote. Mzazi aliyerudi kazini amechoka, ana njaa na amegombezwa na bosi, asianze kusaini mkopo usiku huo, wala asimwadhibu mtoto. Uamuzi usubiri asubuhi.

Kuna na mtego mwingine ambao marubani huuogopa: hamu ya kufika. Kadiri mwisho wa safari unavyokaribia, ndivyo mtu anavyozidi kung'ang'ania mpango wa awali, hata kama mambo yamebadilika. Kwa hiyo marubani hufundishwa kwamba kughairi kutua, kupaa tena na kuzunguka upya ni kazi iliyofanywa vizuri. Baba anayelala Mombo na kufika Moshi kesho yake naye hajashindwa.

Anayekiri asipigwe

Jambo jingine ambalo usafiri wa anga umelielewa ni kwamba binadamu atakosea tu. Mwaka 1976 NASA ilianza kupokea taarifa za siri kutoka kwa marubani wa Marekani waliokosea au waliokaribia kusababisha ajali. Atoaye taarifa hulindwa jina lake, na kwa makosa mengi yasiyo ya makusudi huepushwa na adhabu. Kwa njia hiyo hatari hujulikana kabla haijaua.

Anayevunja sheria kwa makusudi hana kinga hiyo. Tofauti kati ya kuteleza na kukusudia ni muhimu, na nyumbani mara nyingi inasahaulika. Mtoto aliyesahau jiko la gesi likiwa wazi, akaenda mwenyewe kusema, hupigwa sawa na aliyelichezea. Kesho atasahau tena, kwa maana ni mtoto. Tofauti ni kwamba safari hii hatasema, na nyumba italala na gesi.

Mzazi aulize kwanza: ilikuwaje? Tufanye nini isitokee tena? Huenda jibu ni karatasi yenye mambo manne iliyobandikwa mlangoni: gesi, maji, taa, mlango. Hata rubani mwenye miaka 30 kazini husoma orodha yake kabla ya kila safari, wala haoni aibu.

Zaidi ya miaka kumi baadaye

Julai 19, 1989, ndege nyingine ya United ilikuwa safarini kutoka Denver kwenda Chicago ikiwa na watu 296. Injini ya mkiani ilipasuka na kukata mifumo yote mitatu inayoendesha usukani. Usukani haukufanya kazi tena.

Rubani mkuu, Al Haynes, hakujifanya anajua. Alizungumza na wenzake, akapokea mawazo yao, na alipoambiwa kwamba kati ya abiria yumo mkufunzi wa marubani, Dennis Fitch, alimkaribisha ndani. Fitch alisaidia kuielekeza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Kwa dakika 44 watu wanne walishirikiana kuipeleka ndege hiyo hadi uwanja wa Sioux City, jimbo la Iowa.

Ilitua vibaya, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 112 walikufa, lakini 184 walipona, idadi ambayo wataalamu wengi hawakuitarajia. Hadi uzeeni Haynes alirudia kusema kwamba mafunzo ya kusikilizana ndiyo yaliyowaokoa. Shirika lilikuwa lilelile la Portland. Kilichobadilika ni mkuu kukubali kuambiwa.

Desemba itarudi, na magari yatapakiwa tena kwenda Moshi, Bukoba, Mbeya na Tanga. Usiku ule kabla ya safari, wakati mama anafunga chapati na watoto wanagombania kiti cha dirishani, baba ana sentensi moja ya kuwaambia: "Kesho mkiniona nimechoka, semeni, nitasimama."

Wakisema, asimame.