Bili sifuri Ufilipino: Hospitali ipi, na kwa nani?

Julai 28, 2025, Rais wa Ufilipino Ferdinand Marcos Jr. alitangaza jambo ambalo kila familia yenye mgonjwa ingependa kulisikia: ukilazwa wodi ya kawaida katika hospitali ya Wizara ya Afya, hulipi hata senti. Bili ni sifuri.

Ni nafuu kubwa kwa watu waliozoea kukopa au kuuza mali ndugu akilazwa. Lakini kuna swali moja linaloamua kila kitu: umelazwa hospitali ya nani?

Wizara au gavana?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1991 ilizikabidhi hospitali nyingi za umma kwa mikoa na miji. Wizara ilibaki hasa na hospitali kubwa za rufaa na za kibingwa. Leo hazifiki 100, katika nchi ya visiwa zaidi ya 7,600 na watu zaidi ya milioni 110.

Mgonjwa wa kisiwa cha mbali kwa kawaida huanzia hospitali iliyo chini ya gavana. Huko, tangazo la Julai halikumhusu. Ili apate bili sifuri, ilimbidi apande boti, alipe nauli ya msindikizaji, kisha apange foleni kwenye hospitali ambayo tayari imefurika.

Barua ya mheshimiwa

Pale bili inapobaki, Wafilipino wana njia wanayoijua vizuri: kwenda ofisi ya mbunge au seneta kuomba barua ya dhamana. Barua hiyo inaiambia hospitali kwamba sehemu ya deni italipwa na mfuko wa serikali wa kusaidia wagonjwa wasio na uwezo.

Pesa ni ya kodi, lakini shukrani anapewa mwanasiasa. Uchaguzi ukifika, fadhila hiyo haisahauliki.

Mwaka 2019 sheria iliweka rasmi vituo vya Malasakit, vinavyoweka ofisi za misaada pamoja ndani ya hospitali za umma. Kuzunguka mjini kumepungua. Kuomba bado kupo.

Bima nayo je?

Mwaka huohuo, sheria ya afya kwa wote ilimfanya kila Mfilipino kuwa mwanachama wa bima ya taifa, PhilHealth. Tatizo ni kwamba mara nyingi bima hiyo hulipa kiwango maalumu kwa kila ugonjwa. Gharama ikizidi hapo, mgonjwa anajazia mwenyewe.

Badala ya kuongezewa nguvu, PhilHealth ilipunguziwa. Mwaka 2024 serikali ilichukua peso bilioni 60 ikisema ni fedha za ziada. Mahakama ya Juu ikazuia nyingine bilioni 29.9 zisiguswe. Bajeti ya 2025 ikaja bila ruzuku yoyote kwa bima hiyo. Desemba 2025, mahakama hiyo iliamuru bilioni 60 zirudishwe.

Kipimo chenyewe

Bili sifuri ni hatua ya kweli, lakini inafuta deni katika hospitali chache tu. Bima imara ingemfuata mgonjwa popote anapolazwa, hata kwenye hospitali ndogo ya mkoa.

Siku mgonjwa wa huko atakaporuhusiwa kurudi nyumbani bila deni na bila barua ya mheshimiwa mkononi, ndipo matibabu yatakuwa haki. Kwa sasa, kwa wengi bado ni hisani.