Chai ya saa nne Mtambile: mgonjwa akae wapi, ale nini?

Ndugu msomaji, kama umewahi kutoka kliniki ya Mkoani au Chake Chake ukiwa hujala tangu usiku, unaijua njaa ya saa nne. Umetolewa damu, umekaa foleni, umepewa dawa zako, na sasa gari inasimama njia panda ya Mtambile. Abiria wa Kengeja na Mwambe wanashuka na mizigo yao, na pembeni mandazi yanaopolewa kwenye mafuta yakiwa ya moto. Unashuka na wewe. Unaagiza chai, mandazi mawili, na kwa kuwa njaa ni kali, unaongeza kachori. Ndani ya robo saa umeshiba, na dawa ulizozifuata tangu alfajiri zimeshaongezewa kazi.

Wiki hii nazungumzia mlo huo. Ushauri ambao wagonjwa wengi wamepewa ni mfupi: usile nje. Mimi siukubali. Mtu mwenye njaa aliye njiani atakula, na ukimkataza atakula kwa kujificha na hatakwambia. Afadhali tumjibu swali analojiuliza mwenyewe anaposhuka garini: nikae banda gani, na niagize nini?

Mlo wa aliyekwishafanya kazi

Kula saa nne si jambo letu peke yetu. Mwaka 1895 Muingereza Guy Beringer aliandika akipendekeza mlo mmoja wa mchana mchana siku ya Jumapili, unaochanganya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kwa ajili ya watu waliochelewa kuamka. Akauita brunch, na leo mikahawa ya miji mingi ya Ulaya inashindana kwa mlo huo. Lakini katika mji wa Lyon, Ufaransa, kuna desturi nyingine iliyo karibu zaidi na yetu. Wafumaji hariri wa huko katika karne ya 19, waliokuwa kazini tangu kabla ya jua, walikutana asubuhi kula mlo mzito uitwao mâchon. Vyakula vyao vingi sisi hatuli, lakini sababu ya mlo wenyewe tunaijua vizuri.

Ni sababu ile ile ya mkulima wa Mtambile anayekwenda konde baada ya sala ya alfajiri na kikombe kimoja tu cha chai tumboni, au mchumaji karafuu aliyekwishapanda na kushuka mikarafuu kabla jua halijawa kali. Huyo akifika saa nne, mandazi na chai tamu vitaunguzwa na misuli yake. Aliyekaa kwenye benchi la kliniki tangu saa moja hakuunguza kitu. Wote wawili wanakaa benchi moja bandani na kuletewa sahani moja, lakini miili yao haifanani. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Kwa mwenye kisukari

Tufanye hesabu ndogo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula, na linasema ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kiasi cha gramu 25 kwa siku, yaani vijiko 6 vya chai. Kikombe cha chai bandani mara nyingi kina vijiko 3. Vikombe viwili vimemaliza sehemu ya siku nzima, na hapo hatujahesabu sukari na unga wa mandazi. Ukiamua kuikimbia chai na kunywa soda, umeruka majivu ukakanyaga moto, kwa sababu chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari.

Shida kubwa ni kwamba mteja hapewi nafasi ya kuchagua. Chai hutiwa sukari kwenye birika kabla haijamiminwa katika chupa. Ukiomba isiyo na sukari unaambiwa haipo, unanyamaza, unakunywa iliyopo. Nitalirudia jambo hili mwishoni, kwa sababu dawa yake ni rahisi.

Lakini kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo ni ya kuchelewa kula. Mgonjwa anameza kidonge cha kisukari au kujidunga insulini alfajiri kama kawaida yake, halafu anaondoka bila kula kwa sababu ameambiwa aende na njaa. Dawa inateremsha sukari ambayo haikuongezwa na chakula. Ikifika saa nne anatokwa jasho, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, maneno hayaeleweki. Watu humdhania ana homa au amechoka na safari. Huyo sukari imeshuka, na inaweza kumuua kwa haraka kuliko ile iliyopanda.

Hapo, ndugu msomaji, chai tamu inageuka kuwa dawa. Mpe vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji au chai isiyo ya moto, subiri dakika 15, na kama hajapata nafuu rudia. Akipata nafuu, ale chakula kamili. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu chochote mdomoni, kwani kitamwingia kwenye njia ya hewa. Mlaze ubavu na mtafute gari ya kumpeleka hospitali mara moja.

Kinga yake ni kuuliza maswali matatu kabla ya siku ya kliniki. La kwanza: kipimo changu kinahitaji nisile? Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hakihitaji. La pili: dawa zangu za asubuhi nizimeze saa ngapi? Mara nyingi utaambiwa dawa ya kisukari isubiri mpaka utakapokula, lakini jibu hilo lazima litoke kwa anayekutibu. La tatu: nikishatolewa damu naweza kula hapo hapo? Kwa kipimo cha kawaida cha sukari ya kabla ya kula zinatosha saa nane bila chakula, na maji unaruhusiwa. Aliyekula saa tatu usiku ameshatimiza saa hizo ikifika saa kumi na moja alfajiri. Akingoja mpaka saa nne ndipo ale, amekaa saa 13 na njaa bila faida yoyote.

Kwa hiyo chukua chakula chako. Kipande cha muhogo wa kuchemsha na yai, vikiwa ndani ya kopo kwenye mkoba, vinaliwa ukishatolewa damu tu, huku unasubiri kumuona daktari. Ukifika Mtambile njaa itakuwa imepungua, na mwenye njaa ndogo huchagua vizuri.

Wenye presha nina neno moja kwenu. Chumvi kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, kiasi cha gramu 5, ikiwemo ya kwenye supu, bajia na samaki wa chumvi. Kama mtauza ana samaki mbichi aliyepikwa na ana papa wa chumvi, chukua yule mbichi. Dawa za presha zenyewe kwa kawaida hunywewa na maji hata siku ya kipimo, ila nazo ziulizie.

Kwa mzazi: chai na damu ya mtoto

Sasa niseme na mama na baba mnaopitia Mtambile mkitoka kliniki na mtoto, au mnaompa mtoto shilingi mia mbili tatu ya kula skuli wakati wa mapumziko. Chai ya rangi wazee wetu huiita chai ya mkandaa, kwa jina la ule mti wa pwani ambao gamba lake hutoa rangi nyekundu na lilitumika kulainishia ngozi za wanyama. Jina hilo lina maana. Ule ukakasi unaoukausha ulimi katika chai kali unatokana na vitu vya jamii moja na vilivyomo kwenye gamba hilo. Vikifika tumboni hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mbaazi na mboga za majani, na mwili hushindwa kuyachukua. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu.

Pemba jambo hili si dogo. Kisiwa chetu kimechunguzwa kwa miaka mingi kwa sababu ya upungufu wa damu kwa watoto, na sababu zake ni zaidi ya moja: chakula chenye madini kidogo, malaria, na minyoo ya safura inayong'ang'ania utumbo na kunyonya damu kimya kimya. Mtoto mwenye damu pungufu huchoka haraka, husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu. Ukimpa kila siku chai kali pamoja na kitafunwa, unampunguzia hata kile kidogo alichokipata.

Sikwambii umnyime mtoto mkubwa chai. Itenge na chakula: ale kwanza, chai aje kuinywa baada ya saa moja au zaidi. Pamoja na chakula mpe chungwa, pera, embe au maji ya ndimu, kwa kuwa uchachu wa matunda hayo husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma. Mtoto wa chini ya miaka 2 chai haina kazi yoyote kwake. Huyo apewe maziwa ya mama, na akishatimiza miezi 6 apewe na chakula laini chenye samaki au mbaazi zilizopondwa.

Usikimbilie pia kununua dawa ya maji ya kuongeza damu ati kwa sababu mtoto amepauka. Utafiti mkubwa uliofanywa hapa hapa Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet uliwapa watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35 madini ya chuma na asidi ya foliki bila kuchagua nani anayahitaji. Wakati huo malaria ilikuwa nyingi, na waliopewa walifariki au kulazwa kwa maradhi makali zaidi kuliko wasiopewa. Lakini wale ambao vipimo vya damu vilionyesha kweli wana upungufu walifaidika. Funzo lake ni kwamba kipimo kitangulie dawa. Mpeleke mtoto apimwe damu, umuulizie dawa ya minyoo, na akiwa anakojoa damu usiseme ni kukua: huenda ni kichocho, na kina tiba.

Banda zuri utalijuaje?

Turudi njia panda. Sitakutajia banda la fulani, kwa sababu mpishi wa leo si lazima awe wa kesho. Nitakupa alama nne, ambazo unaweza kuziangalia ukiwa bado umesimama.

Ya kwanza ni sufuria. Penye muhogo, viazi vitamu, ndizi au shelisheli ya kuchemsha, pamoja na mbaazi au maharage, kaa hapo. Ya pili ni mafuta. Yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi, yamekaangiwa mara nyingi mno, pita. Ya tatu ni maji ya kunawa na sabuni, na vyombo vinavyosuuzwa kwa maji safi badala ya ndoo moja tangu asubuhi. Ya nne ni chakula chenye moto, kilichofunikwa nzi wasikifikie.

Ukishakaa, agiza hivi: kipande cha muhogo kisichozidi ngumi yako, bakuli la mbaazi zenye tui jepesi, kipande cha samaki, na chungwa moja ulinunue nje. Ukitamani andazi, kula moja na acha muhogo. Vyote viwili ni wanga, na mwenye kisukari hawezi kuvibeba pamoja.

Na sasa lile la birika. Maoni yangu ni kwamba kila banda la chai linaweza kuweka chupa moja isiyotiwa sukari, na bakuli la sukari pembeni kwa anayetaka. Haligharimu kitu, na muuzaji anabakisha sukari yake. Halifanyiki kwa sababu wagonjwa tunaona haya kuomba, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Hayuko peke yake. Siku ya kliniki nusu ya benchi huenda wana kadi mfukoni.

Basi safari hii ukishuka Mtambile, mwambie muuza chai kwa adabu: "Mama, kesho nitapita tena, niwekee chupa isiyo na sukari." Asipokuwekea, wiki ijayo mwambie tena, na mwenzio aliye nyuma yako naye amwambie. Mfanyabiashara husikiliza wateja wake, na wateja wenyewe ni sisi.