Maji Yana Safari Mbili

Yako maneno ambayo husemwa mara nyingi hata watu husahau kuyapima. Mojawapo ni hili: "Kwanza tuwape watu maji, habari ya majitaka itafuata." Neno hili limesemwa maofisini, limesemwa juu ya majukwaa, na limesemwa na watu wema wenye nia njema. Kusudi langu katika makala haya ni kulipinga. Silipingi kwa kuwa nachukizwa na bomba kufika Mbagala au Bunju. Aliyepata kubeba dumu kichwani hawezi kuchukizwa na bomba. Nalipinga kwa sababu lina kosa la hesabu ndani yake, na kosa hilo hulipwa na watu ambao hawakulifanya.

Kwanza mwenye haki apewe haki yake. Katikati ya karne iliyopita mji wa Dar es Salaam ulitegemea mtambo wa Mtoni, katika Temeke, uliochota maji ya mto Kizinga. Mwaka 1959 ukafunguliwa mtambo wa Ruvu Juu, na mwaka 1976 ukafuata wa Ruvu Chini. Baada ya hapo mji ulikua mbio na mabomba yakabaki nyuma. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Katika muda huo kazi kubwa ilifanyika. Ruvu Chini, kwa msaada wa Marekani, ilipanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi lita milioni 270 kwa siku. Ruvu Juu, kwa mkopo wa India, ilitoka lita milioni 82 ikafika lita milioni 196, na upanuzi wake ulizinduliwa mwaka 2017. Mwaka 2022 mradi wa visima virefu vya Kigamboni ulizinduliwa, na mwaka huo huo ukatiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, litakaloweza kuhifadhi lita bilioni 190. Mtu asiyeona wema katika mambo haya amefumba macho kwa makusudi.

Lakini tufanye hesabu ambayo haifanywi siku ya kukata utepe. Ruvu Juu na Ruvu Chini, zikifanya kazi kwa uwezo wake wote, hutoa lita milioni 466 kwa siku. Najua mabomba huvuja; basi niwe mkarimu, niseme nusu nzima hupotea njiani. Zabaki lita milioni 233. Mafundi wa kazi hii hukadiria ya kwamba katika kila sehemu kumi za maji yaingiayo nyumbani, sehemu nane hivi hutoka tena zikiwa chafu. Hizo ni zaidi ya lita milioni 186 kila siku, za jikoni, za bafuni na za chooni. Sasa nauliza: huenda wapi? Mtambo wa kusafisha majitaka wa Mbezi Beach, uliobuniwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kusifiwa kwa haki, ulipangiwa uwezo wa lita milioni 16 kwa siku. Yako pia mabwawa ya zamani, kama yale ya Vingunguti na Kurasini, na liko bomba litoalo majitaka ya katikati ya mji hadi baharini. Lakini mwanzoni mwa karne hii mabomba ya majitaka yalihudumia kiasi cha mtu mmoja tu katika kila watu kumi wa mji huu. Wale tisa waliobaki walikuwa na shimo. Na shimo, ndugu msomaji, halimezi maji pasipo kikomo.

Hapa ndipo lilipo kosa la wenzetu. Wao huyahesabu maji kana kwamba yana safari moja, ya kutoka mtoni hadi kinywani. Kweli ni kwamba maji yana safari mbili, ya kuja na ya kwenda, na yanayokwenda ndiyo yale yale yaliyokuja. Mtu anayekuletea maji bila kukuonyesha yatakapotokea hakukupa zawadi kamili. Amekupa nusu ya zawadi na deni zima.

Mwenye kukaa Tandale, Keko au Tandika hahitaji hesabu yangu ili asadiki. Mimi nilipata kupanga chumba Tandika, katika nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja. Siku zile tulipokuwa tukinunua maji kwa dumu, kila mtu aliyatumia kwa kipimo, na shimo la choo lilichukua miaka kujaa. Bomba lilipofika uani tulishangilia. Mwaka haukupita, shimo likajaa. Na usiku wa mvua kubwa, jirani wa upande wa juu akatoboa lake ili mvua ichukue uchafu. Asubuhi tuliukuta mlangoni petu. Jambo hilo lina jina lake mtaani, huitwa kutapisha choo, na aliyelifanya hakuwa mtu mbaya. Gari la kunyonya majitaka lisingeweza kupita katika uchochoro ule, na hata lingepita, kodi yake ya miezi miwili isingetosha kulilipa. Alifanya alilobakiziwa kulifanya.

Wapinzani wangu watasema, "Hata miji mikubwa ya Ulaya ilianza na maji." Ni kweli, na yafaa tukumbuke yaliyoipata. Mjini London, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, nyumba nyingi zilianza kupata maji ya kutosha na vyoo vya kuvuta, hali mashimo chini ya nyumba yalikuwa yale yale. Mashimo yakafurika, uchafu ukaelekezwa mto Thames, nao mto Thames ndio walioutegemea kwa kunywa. Kipindupindu cha miaka ya 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 katika mji ule. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha ya kuwa vifo vya mtaa wa Soho vilitoka katika kisima kimoja cha pampu, na baadaye ikagunduliwa kwamba shimo la uchafu la nyumba ya karibu lilikuwa likivujia kisimani humo. Hata hivyo wakubwa hawakushituka mpaka mwaka 1858, uvundo wa mto ulipoingia katika madirisha ya Bunge lenyewe. Ndipo fedha zikapatikana, na fundi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu ya majitaka. Je, sisi tunaojua habari hii, tena kwa tarehe zake, tuna udhuru gani wa kuipitia upya?

Na tumeipitia. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikianzia Kinondoni, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi. Hakikuanzia mahali pasipo na maji kabisa. Kilianzia mjini, mahali ambapo maji na uchafu vilikuwa vimekaa pamoja kwa muda mrefu bila mtu wa kuvitenganisha.

Liko jambo la pili ambalo wasemao "maji kwanza" hawalitazami, nalo lahusu maji yenyewe wanayoyatetea. Ruvu ni mto, na mto hupungua. Ukame wa mwaka 1997 ulipobana, visima vingi vilichimbwa mjini ili kuokoa watu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 mto ulipopungua tena, maji yakatolewa kwa mgao, na watu wakarudi visimani. Basi maji ya chini ya ardhi ndiyo akiba ya mji huu siku ya dhiki. Lakini katika mitaa mingi ya mabondeni ardhi ni mchanga na maji yako karibu. Shimo la choo na kisima kifupi hutenganishwa na hatua chache tu. Kila lita tunayoimwaga katika shimo lisilo na pa kwenda ni lita tunayoitia katika akiba hiyo. Hatujengi hazina kwa mkono mmoja ila tunaitia sumu kwa mkono wa pili. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Nasi twaongeza, maji ya ardhini yakichafuka hayasafishiki kwa umri wa mtu mmoja.

"Lakini," watasema, "mabomba ya majitaka ni ghali, na watu wa pembezoni ni maskini." Neno hili ndilo linalonikera kupita yote, kwa kuwa lafanya umaskini wa mtu kuwa sababu ya kumzidishia gharama. Mtu wa Mbagala asiye na bomba hununua maji kwa boza au kwa mkokoteni, na kila lita humgharimu zaidi kuliko lita ya mwenye bomba. Shimo likijaa, hulipa gari. Asipoweza gari, huwalipa wale vijana waitwao vyura, wanaoingia shimoni kwa miguu yao na kuhatarisha maisha yao. Mtoto akiharisha, hulipa dawa na kupoteza siku ya kazi. Huyu tayari analipa. Ila analipa peke yake, na analipia kitu kisichodumu. Wakati huo, mwenye nyumba katikati ya mji huvuta kamba na kusahau.

Tena tofauti hii si bahati mbaya. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili kuwatenga watu kwa jina la afya. Huduma zilifuata ngozi. Sisi tulifuta majina hayo ya fedheha, lakini mabomba ya majitaka yaliyo chini ya ardhi bado yakumbuka mipaka ile kuliko tunavyopenda kukiri.

Miaka ile ya 2003 hadi 2005, huduma ya maji ilipokodishwa kwa kampuni ya City Water kisha mkataba ukavunjwa, tulijadiliana kwa ukali nani ashike koki, mgeni au mwenyeji. Mjadala ulikuwa wa haki. Lakini ni wangapi kati yetu walioinua mkono na kuuliza maji yakishatumika yataelekea wapi? Hata jina la chombo chetu lina mafunzo. DAWASA iliitwa kwanza Mamlaka ya Majisafi na Majitaka; sasa ni Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira. Sisemi waliobadili jina walikuwa na hila. Usafi wa mazingira ni neno pana na zuri. Walakini majitaka yamefichwa ndani ya neno zuri, na kitu kilichofichwa ndani ya neno zuri ni rahisi kusahauliwa katika bajeti.

Wala sidai tuchimbe mifereji ya London katika kila uchochoro wa Manzese. Ziko njia ndogo ambazo zimekwisha jaribiwa hapa hapa. Kule Mlalakuwa, katika Kinondoni, kilijengwa kituo kidogo cha kutibu majitaka ya vyooni karibu na wanaoyatoa. Katika Temeke vijana walifundishwa kutumia pampu ya mkono iwezayo kupita mahali gari lisipopita. Mabomba membamba yanayounganisha nyua kumi au ishirini na chemba moja ya pamoja ni kazi iwezekanayo kwa mafundi wetu wenyewe. Kinachokosekana si ujuzi. Kinachokosekana ni kuona haya ya kuyaacha mambo haya yabaki majaribio, wakati mabomba ya kuleta maji huitwa miradi ya taifa.

Dai langu, basi, ni moja, tena ni jepesi kulieleza. Bomba la maji lisiingie katika kata yoyote ya Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni au Ilala, ila karatasi ile ile inayoidhinisha fedha zake ieleze maji hayo yatatoka kwa njia gani, yatafika wapi, na nani atalipa. Pasipo jibu hilo, mradi usihesabiwe kuwa umekamilika, wala utepe wake usikatwe. Na diwani atakayesimama kutuambia lita ngapi zimeingia katika kata yake, tumpigie makofi, kisha kabla hajaketi tumwulize zimetoka lita ngapi.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mji huu umekwisha kuvua nguo: umekopa, umechimba, umeleta mto hadi mlangoni. Hauwezi sasa kusimama katikati na kusema kwamba lililobaki ni la kesho. Kule Tandika, kesho hiyo hufika usiku, pamoja na mvua.