Mashine ya sukari ikisema 6.8, inamaanisha nini?

Leo naweka kando mambo ya programu huria na simu za mkononi nizungumzie kidude kilicho katika nyumba nyingi siku hizi: mashine ya kupimia sukari kwenye damu. Msimamo wangu ni kwamba mashine hizi zinapima vizuri kuliko zinavyosema. Kemia yake si mbaya. Tatizo liko kwenye kioo, na kioo ni kazi ya watu wa taaluma yangu.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Tone la damu likiingia kwenye stripu linakutana na kimeng'enya kinachoitikia glukosi. Mwitikio huo unatoa elektroni, mkondo mdogo sana wa umeme unapita, kisha programu iliyo ndani ya mashine inageuza mkondo huo kuwa nambari. Sekunde chache baadaye unasoma 6.8. Hiyo nambari ni makisio. Ni makisio mazuri, lakini imeandikwa hadi desimali moja kana kwamba hakuna shaka yoyote.

Shaka ipo, tena imeruhusiwa rasmi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka angalau asilimia 95 ya vipimo visitofautiane na vya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, pale sukari inapokuwa 5.55 mmol/L au zaidi. Chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83 mmol/L. Piga hesabu sasa. Mashine ikisema 6.8, sukari halisi inaweza kuwa popote kati ya 5.9 na 8.0, na mashine bado imefaulu mtihani. Ikisema 4.2, sukari halisi inaweza kuwa 3.4, na hiyo tayari ni sukari iliyoshuka. Na hapo bado kuna vile vipimo vitano katika kila mia ambavyo vinaruhusiwa kutoka nje ya mipaka hiyo.

Mama yangu anajidunga insulini. Kwake tofauti ya 4.2 na 3.4 si hesabu ya darasani. Ni tofauti ya kulala salama na kuamka akitetemeka usiku wa manane huku jasho likimtoka, au kutoamka. Ndiyo maana sioni sababu ya kioo kumwonyesha nambari moja kavu.

Nimeshasikia watu wakipima mara mbili mfululizo, wakapata 7.9 halafu 8.6, wakasema mashine imeharibika. Haijaharibika. Wengine wanakosea upande wa pili: wanaona nambari imepanda kidogo tu na wanaongeza dawa bila kumuuliza daktari. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Hakuna aliyewaambia kwamba nambari ile ina upana.

Upana huo tunaweza kuupunguza wenyewe. Haya ndiyo nimemwandikia mama na kuyabandika jikoni:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji, ukauke kabisa. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu akimenya tunda kisha akapima bila kunawa, nambari inapanda sana, na kupangusa kidole kwa spiriti hakukutosha. Kwa hiyo ukishamenya embe, kwanza nenda kwenye bomba.

2. Dunga ubavuni mwa ncha ya kidole, na usikikamue kwa nguvu. Ukikamua sana unachanganya damu na majimaji ya mwilini. Ukitaka damu ije vizuri, nawa kwa maji ya vuguvugu na uuteremshe mkono.

3. Stripu zikae ndani ya kichupa chake, kifuniko kimefungwa. Unyevunyevu na joto vinaua kimeng'enya. Watu wa Mombasa na Lamu wanaijua hewa yao. Wa Lodwar wanalijua jua lao. Angalia pia tarehe ya mwisho, na usinunue stripu zilizopangwa dirishani juani.

4. Hakiki mashine kwa myeyuko wake maalum. Huo ni majimaji yenye kiasi cha sukari kinachojulikana. Unayapima kama damu, kisha unalinganisha jibu na mipaka iliyochapishwa kwenye kichupa cha stripu. Kwa mtu wa programu, hili ndilo jaribio la kwanza kabisa. Nimeuliza katika maduka kadhaa ya dawa mtaani: mashine wanazo, stripu wanazo, myeyuko hawana. Huko ni kumuuzia mtu mizani bila jiwe la kuihakiki.

5. Mwambie daktari kama una upungufu wa damu. Chembe nyekundu zikiwa chache, mashine nyingi huonyesha sukari juu kuliko ilivyo. Katika nchi yenye malaria na upungufu wa damu kama yetu, jambo hili si dogo, maana nambari nzuri inaweza kuficha sukari iliyoshuka.

6. Mwili ukisema sukari imeshuka na mashine inakataa, nawa upime tena. Kama huwezi kupima, kula kitu cha sukari kwanza. Mabishano na mashine yatafuata baadaye.

Lakini haitoshi kumbebesha mgonjwa kila kitu. Watengenezaji nao wana historia. Mwaka 2005 shirika la FDA la Marekani lilitoa onyo kuhusu mashine ambazo mtumiaji angeweza kubadilisha kizio bila kukusudia, kwa mfano anapoweka saa. Kipimo cha 1 mmol/L ni sawa na 18 mg/dL, kwa hiyo tunazungumzia kosa la mara kumi na nane. Mwaka 2009 shirika hilo hilo lilionya kuhusu stripu zenye kimeng'enya kilichoshindwa kutofautisha glukosi na sukari ya aina ya maltosi. Kuna wagonjwa wa figo ambao majimaji wanayosafishiwa damu tumboni huzalisha maltosi. Mashine iliwaonyesha sukari ya juu isiyokuwepo, wakapewa insulini, na wengine walikufa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kizio kifungwe kiwandani, na mashine za kuuzwa Kenya zisome mmol/L basi. Pili, kioo kionyeshe upana: 6.8, na chini yake kwa herufi ndogo, 5.9 hadi 8.0. Jibu likikaribia eneo la hatari, mashine iseme "pima tena".

Najua kuna watakaopinga kwamba wazee watachanganyikiwa. Mimi sikubali. Hakuna mtu Kenya anayeambiwa matatu itafika saa mbili kamili akaamini. Anaambiwa saa mbili au mbili unusu, na anapanga safari yake vizuri kabisa. Mama anajua unga wa kilo mbili si kilo mbili kamili. Watu wetu wanaishi na makadirio kila siku; ni mashine tu inayoona haya kukiri.

Najua pia kwamba stripu zina bei, na kusema "pima tena" ni kusema "tumia hela tena". Hiyo ni hoja ya kweli, na ndiyo sababu zaidi ya kupima vizuri mara ya kwanza. Wenye uwezo siku hizi wanavaa sensa za kubandika mkononi, nazo pia zina kiasi chao cha kukosea.

Wewe msomaji unayeandika programu, utakapochora kioo cha kuonyesha kipimo chochote, jiulize nani atakisoma usiku akiwa peke yake. Na wewe mwenye mashine nyumbani, umewahi kuihakiki hata mara moja?