Lac Vert: klabu za bustani hazikosi jembe, zinakosa udongo wenye karatasi

GOMA – Katika mtaa wa Lac Vert kuna kazi kubwa ambayo hakuna anayeihesabu. Ni lengalenga inayochumwa nyuma ya nyumba, juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo mgeni akipita anasema hapa hapawezi kuota kitu. Kazi hiyo ni ya klabu za bustani, nyingi zikiwa za akina mama waliojikusanya wenyewe, mara nyingi wale wale wanaoweka akiba pamoja katika AVEC. Wengi wanajidai kuzisaidia klabu hizo. Wengi wao wanazipa kila kitu, isipokuwa kile zinachoomba.

Kwanza isemwe zimefanya nini. Lac Vert uko magharibi ya mji, katika komine ya Goma, upande wa njia ya kwenda Sake. Jina limetoka kwa ziwa dogo la kijani lililolala ndani ya kreta ya zamani, kando ya Ziwa Kivu. Kwenye mabega ya kreta udongo wa majivu unazaa vizuri. Penye nyumba nyingi ni mwamba mtupu. Hapo wanaklabu hupanga mawe yawe ukuta mfupi, huleta udongo kwa mgongo au kwa chukudu, huuchanganya na maganda ya jikoni yaliyooza na mavi ya mbuzi na sungura, kisha hupanda. Lengalenga huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na ukiikata bila kuing'oa inachipuka tena. Kabichi inaomba karibu miezi mitatu. Mama mwenye matuta mawili anachuma mboga ya leo kwenye tuta moja, huku la pili likimlelea kabichi za kupeleka sokoni Kituku.

Klabu zimefundisha pia jambo lisiloandikwa kwenye pakiti ya mbegu: mahali pa kutolima. Upande huu wa Goma una mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na mtu akiinama ndani yake anaweza kuanguka asiamke. Asubuhi bila upepo ndiyo saa mbaya zaidi. Kwa hiyo wenye uzoefu hawalimi shimoni hata kama udongo wake ni mweusi na wa kuvutia, na hawatumi mtoto kukata majani huko alfajiri. Wakiona ndege au wadudu waliokufa mahali pamoja, wanarudi nyuma. Familia iliyofika jana haijui mambo hayo. Klabu ndiyo inayowaambia.

Wengi wamefika Lac Vert kwa kukimbia. Vita vilileta huku maelfu ya watu kutoka Masisi na Rutshuru, wakulima wa maharagwe, viazi na kabichi, waliokuwa wakiulisha mji kabla ya kulazwa chini ya mahema ya Bulengo na kambi za jirani. Mapigano yalipofika Sake mwezi wa Februari 2024, njia ya Masisi ilikatika, na kila jikoni la Goma likaelewa kwamba mboga yake ilikuwa inategemea barabara moja. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert, yakaua watu, wengi wao akina mama na watoto. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa M23, benki zikafunga milango, pesa ikawa ngumu kuonekana. Mwezi uliofuata wakimbizi wakaambiwa watoke kambini, na kambi zikabomolewa. Wengine walirudi makwao, wengine walibaki katika nyumba za jamaa na marafiki. Katika miezi hiyo yote, mwenye tuta alipika. Asiye na tuta alingoja msaada au alikopa.

Sasa yasemwe yale yasiyopendeza masikio. Kila mara bustani inapokumbukwa, sherehe ni ile ile. Gari linafika, bango linasimamishwa, akina mama wanapewa majembe, pakiti za mbegu, vyombo vya kumwagilia na fulana. Wanapiga makofi, wanapigwa picha, gari linaondoka. Baada ya miezi sita, ukiuliza bustani iko wapi, unaonyeshwa msingi wa nyumba. Parsele imeuzwa. Bango linaweza kuwa bado limesimama. Kabichi zilizobaki wiki tatu zivunwe zimekanyagwa na mafundi wa kujenga. Majembe yapo nyumbani, yameegemea ukuta, hayana pa kulima.

Hapa ndipo ugonjwa ulipo. Klabu nyingi za Lac Vert zinalima juu ya neno la mdomo. Mwenye parsele tupu anasema, "Limeni tu, mama, mpaka nitakapopata pesa ya kujenga." Klabu inang'oa mawe, inaleta udongo, inasawazisha, inafukuza nyoka na takataka. Kufikia mwisho wa msimu, kiwanja ambacho hakuna aliyekitaka kimekuwa kiwanja safi, na mnunuzi anakuja. Klabu imefanya kazi ya kupandisha bei ya parsele bila kulipwa hata franga moja, kisha inafukuzwa kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri. Katika sehemu nyingine za maisha, jambo kama hilo lingeitwa wizi wa jasho.

Sheria haiko upande wa mkulima wa neno la mdomo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mwananchi anapewa haki ya kuutumia, na karatasi kubwa ya haki hiyo ni cheti cha uandikishaji. Klabu ya akina mama haina cheti, na haina hata kipande cha karatasi kilichotiwa sahihi. Siku ya ugomvi, itakwenda kwa mkuu wa mtaa na nini mkononi? Na majani ya lengalenga?

Wenye parsele wana jibu lao, na si la kudharauliwa. Wanaogopa kwamba mtu akilima miaka mitatu atadai kiwanja ni chake. Goma imeona ugomvi wa ardhi wa kutosha ili hofu hiyo iwe na maana. Lakini dawa ya hofu hiyo ni karatasi yenyewe. Mkataba wa ukurasa mmoja unaosema kiwanja ni cha fulani, kimeazimwa kwa klabu kwa misimu minne, kisiuzwe kabla mazao hayajavunwa, na mwishoni kitarudishwa bila madai, unamlinda mwenye parsele kuliko neno la mdomo linavyomlinda. Mashahidi wawili na mkuu wa mtaa wanatosha. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya bango.

Wengine watasema ardhi ya nini, kuna bustani za gunia. Ni kweli, gunia ni akili nzuri. Huko Kibera, Nairobi, shirika la Solidarités International lilisambaza kilimo cha magunia mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi, na familia nyingi zilipata mboga mahali pasipo hata nafasi ya kuweka kiti. Lac Vert pia gunia lililotobolewa kando linalisha sufuria. Ila halizai maharagwe ya kuweka akiba, halitoi kabichi za kutosha kulipa ada ya shule, na jua linalioza. Gunia ni msaada kwa asiye na uwanja. Lisigeuzwe kuwa kisingizio cha kuwanyima uwanja wanaojua kuulima.

Na wapo wanaosema mji ni wa nyumba, kilimo kirudi kijijini. Kijiji gani, na kwa njia ipi, katika miaka hii? Nairobi, mji mkubwa kuliko Goma, ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kaunti inayotambua na kupanga kilimo cha mjini. Haikuona aibu. Goma, ambayo imejionea barabara moja ikikatika na sahani zikipungua, ingepaswa kuwa ya kwanza.

Klabu nazo zisijifiche. Zipo zinazozaliwa siku gari la msaada linapoonekana kwenye avenyi na kufa siku linapoondoka. Wapo viongozi wanaojaza orodha kwa majina ya shemeji na kuweka mbegu bora kabatini mwao. Klabu isiyoweza kuonyesha daftari la mavuno haina haki ya kulia kwamba imesahauliwa.

Basi kila mmoja achukue sehemu yake. Mashirika ya kiutu yaache kugawa jembe mahali ambapo hakuna mkataba wa kiwanja, na yarudi baada ya miezi sita kuhesabu mavuno mbele ya wakaaji. Wakuu wa mtaa waandike parsele tupu na kusimamia mikataba hiyo bila kuomba "pesa ya kalamu". Penye kambi zilizobomolewa, vyoo vifukiwe na plastiki iondolewe kabla ya mtu kupanda mboga. Na maji yasisahauliwe: kuanzia Juni hadi Agosti mvua inapokauka, mama anabeba bidoni la manjano la lita 20 mgongoni, mara nyingi kutoka ziwani, katika mji unaojua kipindupindu. Maji hayo mabichi hayafai kumwagwa juu ya mboga inayoliwa bila kupikwa. Bomba moja karibu na bustani lina faida kuliko fulana mia.

Akina mama wa Lac Vert wamekwisha kuonyesha kwamba jiwe linaweza kuzaa. Hawajaomba kupongezwa. Wameomba kuvuna walichopanda kabla hakijauzwa chini ya miguu yao. Msimu wa Septemba una tarehe yake, na mbegu hazingoji mkutano. Mwenye parsele tupu anajua jina la mama anayeilima. Achukue kalamu.